Safu ya Mwenye Nyumba

Mwalimu alipewa kazi ile kwa sababu ya mwandiko wake. Kabla ya vita alifundisha darasa la tatu, na hata sasa, shule ikiwa bado kifusi, herufi zake zilisimama kwenye mstari kama watoto walioambiwa mkaguzi yuko mlangoni. Manispaa, ambayo ilikuwa imefunguliwa upya miezi mitano tu iliyopita, ilimkabidhi kopo la rangi nyeupe, brashi, na daftari kubwa lenye jalada gumu. Apite mtaa wake nyumba kwa nyumba, achore namba mlangoni, kisha ajaze safu tatu: namba, idadi ya wakazi, jina la mwenye nyumba. Zilikuwa nyumba sitini na mbili, na Ijumaa daftari lirudi. Likikubaliwa, anaajiriwa. Na nyumba itakayokosa jina, Afisa alimwambia huku akijikuna shingo, itahesabika kuwa ya serikali.

"Rahisi kama kunywa maji," Mwalimu alimwambia dada yake aliporudi.

Dada, ambaye alikuwa mkubwa kwake kwa miaka tisa na hakuwahi kumficha kitu, alimtazama hivi, akamuuliza hapo walipokaa atamwandika nani.

Maana tatizo lilikuwa hilohilo. Mtaani pale karibu kila mtu alikuwa analala kwa mwenzake. Vita vilipita mara tatu, na mara zote tatu watu walikimbia kwa pamoja lakini wakarudi mmoja mmoja. Aliyerudi akakuta kwake hakuna paa, aliingia kwenye paa la jirani. Jirani naye akirudi, aliingia kwa mwingine. Wakajiwekea utaratibu ambao hakuna aliyeuandika popote: ukiingia nyumba ya mtu, vitu vyake unavifungia chumba kimoja, ufunguo unautundika mahali pa wazi, na nyumba unaitunza mpaka mwenyewe atokee. Mwalimu na dada yake walikaa katika nyumba ya daktari wa meno, ambaye bado hajarudi. Kiti chake cha kung'olea watu meno walikifungia chumba cha uani, na kila mwezi Dada aliingia na kitambaa na mafuta ya cherehani kukisafisha, akidai kwamba ndicho kiti pekee mjini ambacho kila aliyekikalia aliondoka mwepesi kuliko alivyokuja.

Nyumba ya Mwalimu mwenyewe, aliyoachiwa na marehemu mumewe, ilikuwa mwendo wa dakika nne tu. Alikaa humo Fundi Bomba, na mkewe, na watoto wanne. Siku aliporudi, miaka miwili nyuma, Mwalimu alimkuta mtu huyu juu ya paa lake anapigilia mabati mapya. Fundi akateremka, akajifuta mikono, akamwambia, "Karibu kwako, shemeji." Mwalimu akanyweshwa chai sebuleni mwake mwenyewe, kama mgeni. Sakafu ile nyekundu aliijua kwa nyayo, hata ule ufa wa karibu na dirisha. Lakini utamwambiaje mtu toka, na mtoto wake wa mwisho ameshakulalia pajani?

Jumatatu akaanza kupita. Mama mshonaji wa namba tisa alisema mwenye nyumba ni muuza vitabu ambaye hajarudi, aandikwe huyo, ndiyo haki. Mwalimu alipoinamisha kalamu, mama akamshika mkono. "Ukishamwandika yeye, mimi naitwa nani?" Namba kumi na nne walitaka waandikwe wote wawili, mwenyewe na mkaaji. Akawaambia nafasi ni ya jina moja. Wakasema basi herufi ziwe ndogo. Kila mlango alioufikia aliacha rangi mbichi na safu ya tatu tupu. Hadi Jumatano alikuwa na namba nzuri thelathini na nane na majina hakuna.

Namba arobaini ilikuwa kwake. Fundi alimshikia kopo wakati anachora.

"Mwalimu, hapa utaandika nani?"

"Fundi, si unajua nyumba ni yangu."

"Nani kasema si yako? Ila mabati ni yangu."

"Mabati si nyumba."

"Haya, niyashushe tuone utaandika nini."

Wakacheka wote wawili. Mke wa Fundi, aliyekuwa mlangoni anachambua mchele, hakucheka. Fundi akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hana ubishi. Aandikwe tu kule kwake, atatoka hapa hata kesho.

Na kwake ilikuwa wapi? Kwake ilikuwa nyumba ya matofali mwanzoni mwa mtaa, ile yenye baraza pana. Haikuguswa hata na risasi moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yake, kwani kila kundi lililouteka mji liliona ndiyo inayofaa kuwa ofisi. Sasa ilikuwa ofisi ya manispaa. Kaunta alikochukulia daftari Mwalimu ilikuwa sebule ya Fundi Bomba. Na mwanzo wa mtaa maana yake ni namba moja, namba ambayo mpaka siku ile alikuwa ameiruka bila hata kujiuliza.

Alhamisi alimaliza nyumba zilizobaki, kisha yeye na Dada wakapindua vikombe mezani viwe nyumba, na vijiko viwe watu. Fundi arudi kwake, Mwalimu arudi kwake, daktari wa meno akija akute pake pazima. Wakahamisha, wakarudisha, wakahamisha tena. Kila mara kijiko kimoja kilibaki mkononi mwa Dada hakina pa kwenda.

"Hiki ni cha nani?" Mwalimu akauliza.

"Cha serikali," Dada akasema, akakitumia kukorogea chai.

Basi Mwalimu akakaa akajaza safu yote kwa wino, kila nyumba na mwenyewe, awepo asiwepo. Hakuwa na uhakika kama anatenda haki au anawatoa watu nje. Ishirini na saba, daktari wa meno. Arobaini, jina lake. Ijumaa asubuhi akachora namba moja kwenye mlango wa ofisi, mlinzi akimtazama, kisha akaingia na daftari.

Afisa alisoma akitembeza kidole. Hakuwa mtu mbaya. Alilala kwenye chumba cha nyuma cha ofisi hiyohiyo, kwa kuwa naye hakuwa na pengine. Kidole kiligota mstari wa kwanza kabisa, penye jina la Fundi.

"Mwalimu, ofisi hii ni ya serikali."

"Serikali ipi, mwanangu?" Hakuuliza kwa jeuri. Alitaka kujua kweli, maana nne zilishakaa pale.

"Hii ya sasa."

"Ilinunua kwa nani?"

Afisa akatafuta kwenye mafaili, hakuona kitu. Akampigia simu mkubwa wake, ambaye naye alimwambia asubiri ampigie mkubwa wake. Wakasubiri. Simu ilipolia Afisa alisikiliza, akaitikia ndiyo mara tatu, akaiweka chini taratibu kama yai.

"Wamesema safu ya mwenye nyumba iandikwe kwa penseli."

"Mpaka lini?"

"Hawakusema."

"Na ajira yangu je?"

Afisa alifikiri sana. "Nadhani nayo kwa penseli."

Akampa daftari jipya na penseli iliyotafunwa kichwani. Mwalimu akaandika mstari wa kwanza, namba moja, mkaaji mmoja, akamtazama Afisa. Afisa akatazama dari, akasema amwandike tu Fundi. Akaandika. Alikuwa bado hajafika hata namba kumi na nne, akijiuliza kama sasa ana nyumba au hana, ana kazi au hana, pale Fundi Bomba alipotokea barazani, kofia mkononi.

"Umeniandika?"

"Nimekuandika."

"Nihamie lini?"

Mwalimu akamgeukia Afisa. Afisa akakohoa, akamuuliza Fundi kama, wakati wakisubiri maelekezo, angeweza kutazama bomba la uani, wiki ya pili sasa linavuja. Fundi akasema anajua linapovujia, yeye ndiye aliyelifunga. Akapita kaunta, akashika ukumbi, akapotelea nyuma bila kuonyeshwa njia.