Mmea Uliochanua Maganda ya Mayai

Harufu ya mayai yanayochemka ndiyo iliyokuwa ikiniamsha. Si harufu ya kusifiwa sana, nakubali, lakini kwetu Tunduma, ikichanganyika na moshi wa mkaa na dizeli ya malori yaliyopanga foleni kuvuka kwenda Zambia, ilikuwa na maana kwamba Mama ameamka, jiko limewaka na siku imeanza vizuri. Mama aliuza mayai ya kuchemsha kwenye foleni ile. Alinunua trei zake ng'ambo, Nakonde, akayachemsha alfajiri, akayapanga kwenye ndoo ya plastiki, juu yake bakuli la kachumbari na kikopo cha chumvi iliyochanganywa na pilipili, kisha akatembea lori hadi lori. Madereva wa Kizambia walimwita "ba mayo", yaani mama, na kumuuliza kama ana "amani", maana ndivyo Wabemba wanavyoyaita mayai. Siku za likizo nilimfuata nyuma, nikiona fahari kwamba mama yangu anapita katikati ya malori yale makubwa na ndoo nzima ya amani kichwani.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikiniuma. Mbele ya nyumba yetu, kando ya mlango, kulikuwa na mmea wa majani magumu yaliyochongoka nchani, unaofanana na mkonge mfupi. Mtaani petu ilikuwa desturi kuchomeka ganda la yai kwenye kila ncha, hata mmea ukaonekana umetoa maua meupe na mekundu. Majirani walikuwa na mimea iliyochanua kwa namna hiyo, lakini sisi, nyumba ya mayai, mmea wetu ulikuwa mtupu. Mayai yetu yaliliwa foleni na maganda yake yakabaki kukanyagwa na matairi. Yale machache yaliyopasukia sufuriani, yasiyouzika, tuliyala mimi na Mama tukitembea, tukayamenya vipande vipande visivyofaa kitu. Waswahili husema mganga hajigangi.

Kisha Mama akawa mjamzito, na Bibi mzaa baba akaja kutoka milimani Ileje kumsaidia mpaka ajifungue. Alishuka kwenye gari na begi moja, kuku mmoja wa kienyeji kwapani, na miko yake yote kamili. Asubuhi ya kwanza alimkuta Mama ameshika yai lililopasuka. "Mama Tupo, weka chini," alisema kwa upole. "Mjamzito akila yai, mtoto anazaliwa kichwa kitupu, bila unywele." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe Tupokigwe, mtoto akizoea mayai anakuwa mwizi." Basi yote yaliyopasuka yakawa ya Baba, ambaye alikuwa fundi wa matairi na hakuwa na hatari ya kuzaa wala, kwa maoni ya mama yake, ya kuiba. Mama aliweka yai chini. Mkwe ni mkwe, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Yaliyofuata hayakunichekesha. Mama alianza kuona kizunguzungu, na asubuhi moja alianguka palepale kwenye foleni. Dereva mmoja alimrudisha nyumbani akimshika mkono, na mwenzake nyuma yake amebeba ndoo, kachumbari haijamwagika hata kidogo. Kliniki nesi akamwambia damu imepungua mno, ale mboga za majani, maharage na mayai, la sivyo siku ya kujifungua itakuwa ngumu. Bibi alisikiliza yote kwa makini. "Mboga ale, maharage ale," akasema. "Yai, hapana." Nilikuwa mdogo lakini si mjinga. Nilishasikia mtaani habari za mama aliyekwenda kujifungua asirudi, na kila Mama alipoegemea mlango kuvuta pumzi, niliacha nilichokuwa nikifanya nikamtazama mpaka ainuke.

Baba hakuwahi kubishana na mama yake. Alifanya jambo lake kimyakimya. Akatangaza kwamba mayai ni matamu zaidi yakiliwa chumbani, akaanza kuingia na sahani yake kila asubuhi, na kila asubuhi Mama akakumbuka kwamba hajatandika kitanda. Mlango ukafungwa. Mama, sasa akiwa na mahali pa kukaa, alikula kwa raha zake: aliikata kofia ya yai kwa kijiko, akatia chumvi, akachota ndani taratibu, ganda likabaki zima kama kikombe. Mimi nilipewa kazi ya kuyapeleka maganda kwenye shimo la taka. Lakini njia ya kwenda shimoni inapita mbele ya mmea, na nani angekuwa na moyo wa kutupa vikombe vizuri namna ile? Nikavichomeka, kimoja leo, kingine kesho, kuanzia majani ya chini.

Bibi aliupenda mmea ule kuliko nilivyoupenda mimi. Alipofagia uwanja aliuzunguka kwa ufagio asiuguse, na majirani walipopita aliwaonyesha. "Mwanangu anatunzwa," aliwaambia. "Tazameni anavyolishwa." Baba, aliyekuwa amekonda kama kawaida yake, aliitikia kwa kichwa na kwenda zake kazini.

Halafu Baba akapata kazi ya siku kadhaa Vwawa, stendi. Sahani ikaendelea kuingia chumbani, safari hii chini ya khanga, na mimi, kwa furaha yangu, nikaendelea kupanda juu, kuelekea majani ya katikati. Asubuhi moja nikamwona Bibi amesimama mbele ya mmea, ufagio mkononi, kwa muda mrefu. Akaita, bila kupaza sauti.

"Mama Tupo. Mwanangu yuko Vwawa tangu Jumatatu. Huyu anayechanua hapa ni nani?"

Mama aliitua ndoo. Nilidhani atatafuta la kusema, lakini alipiga magoti palepale. "Ni mimi, Mama. Nisamehe. Nilianguka mara moja, na naogopa kuanguka tena nisiinuke."

Bibi alikwenda nyuma ya nyumba alikotagia kuku wake, akarudi na yai dogo la kienyeji, bado la moto. "Haya makubwa ya Nakonde ni maji matupu," alisema. "Kama umeamua kuvunja mwiko, uuvunje kwa yai la maana." Akalichemsha mwenyewe, akasimama hapo mpaka Mama alipolimaliza. Mchana wake alinituma dukani nimnunulie uzi, akaanza kufuma kofia ya sufu. Mtoto wa watu, alisema, asije akaaibika mbele za wageni.

Mdogo wangu Ambakisye alizaliwa na nywele nyingi hata manesi wakaitana kumtazama. Mama alirudi nyumbani akitembea kwa miguu yake. Bibi aliijaribu kofia, ikakwama juu ya nywele, akaikunja bila kuona haya na kuitia sandukuni mwa Mama. "Akiba haiozi," alisema.

Siku hizi naishi Vwawa, na trei za mayai zimejaa kila duka. Wanangu wanakula yai kila asubuhi na bado wananuna, na mjamzito akiambiwa na nesi ale mayai, hakuna anayekunja uso. Malori bado yanapanga foleni Tunduma, ingawa Mama alishaitua ndoo. Mlangoni kwangu nina vyungu vya maua vya kununua. Ni vizuri, lakini hakuna jirani aliyewahi kusimama kuvitazama.

Krismasi iliyopita tulikutana sote kwa Mama. Bibi haoni vizuri tena. Anatutambua kwa kutushika vichwa. Ambakisye, kijana bado, alipopiga magoti kumwamkia, mkono wa Bibi ulianzia kwenye paji la uso, ukaenda, ukaenda, na nywele hazikuonekana. Tukaziba midomo. Bibi akamwagiza Mama afungue sanduku. Kofia ile ikawekwa juu kabisa ya upara wa mdogo wangu, ikakaa kama ganda kwenye ncha ya jani.

"Si nilisema?" Bibi aliuliza, nasi tukacheka mpaka machozi. Yeye alipapasa pembeni yake mpaka akaupata mkono wa Mama, akaushika. "Lakini mama yake huyu hapa," akasema. "Nywele si kitu."