Simu Kabla ya Sindano

Nilipokuwa mwanafunzi Tanzania, kazi yangu ilikuwa kutazama panya wakikimbia. Nilikaa mbele ya sanduku lililochorwa mistari chini, na kila panya alipovuka mstari nilibonyeza kidude mkononi. Wazazi wangu, wakimbizi waliolima mashamba ya watu ili nisome, waliambiwa kwamba nachunguza ubongo. Sikuwasahihisha.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Ndani ya ubongo kuna vipokezi vinavyoipokea morfini kama kitasa kinavyopokea ufunguo wake. Panya mdogo mweupe akichomwa dozi ya kutosha, hukimbia. Hafuati chakula wala hakimbii paka. Anazunguka tu kando ya ukuta wa sanduku, mkia umesimama, mpaka unachoka wewe unayemtazama. Panya mkubwa huanza kwa kuganda, ukimweka hivi anabaki hivi, na mbio zake huja baadaye. Halafu iko dawa nyingine inayoziba vipokezi hivyo. Ukimchoma nayo yule mkimbiaji, muda si mrefu anasimama, ananusa, anasafisha masharubu, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Elimu hiyo haikunifaa kitu tena, mpaka miaka mingi baada ya kurudi nchini kwetu, nilipolazwa Gitega kutolewa kibofu cha nyongo.

Hospitalini kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na murwaza, ndugu wa kukaa naye, kumpikia, kumwosha, kumshika mkono akienda msalani. Mimi, mwalimu wa chuo kikuu, naishi peke yangu mtaa wa Musinzira tangu mke wangu alipoondoka na makochi, na vitabu alivyoniachia havijui kukoroga uji. Nina dada mmoja, mkulima wa Gashoho, kule Muyinga. Nilimwambia muuguzi kwamba murwaza wangu yuko njiani. Ilikuwa karibu na ukweli: dada angepanda gari alfajiri ya siku ya pili baada ya upasuaji, kama mafuta yangepatikana.

Siku ya kwanza asubuhi nilichomwa morfini. Daktari alinionya kwamba watu wengi husinzia tu, lakini mimi, kwa ujinga wa kisomi, nilitaka kujua nitakuwa panya gani. Kwanza niliganda nikitazama dari, bila haja na kitu wala mtu. Kisha maumivu yakawa ya mtu mwingine. Nikashuka kitandani, nikaanza kutembea, mkono mmoja ukutani.

Mke wa jirani yangu wa kitanda, aliyekuwa akimuuguza mumewe mwenye mguu uliovunjika, aliniangalia nikipita na kurudi.

“We prof, uko natafuta nini ku mur?”

“Natembea tu kando ya ukuta, mama.”

“Iko nazunguka kama mbuzi ya kamba!” akamwambia mumewe. Kisha kwangu: “Na murwaza yako, iko wapi?”

“Simhitaji,” nikasema, na niliamini.

Ndipo dada akapiga simu. Alikuwa amefunga unga na maharage, na kuku amewaacha kwa jirani.

“Usije,” nikamwambia. “Niko safi kabisa. Natembea.”

“Unatembea? Si jana tu wamekupasua?”

“Kama kijana. Kaa ulime.”

“Haya, kaka. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa.”

Nilikata simu nikiwa nimefurahi, nikaendelea na ukuta wangu.

Jioni dawa ikaisha. Maumivu yalirudi kwanza, na nyuma yake likaja jambo jingine. Ilikuwa saa ya chakula. Warwaza waliingia na sufuria zao, chumba kikajaa harufu ya majiko ya watu. Yule mama aliniwekea bakuli la ndizi juu ya meza ndogo, bila kuulizwa. Sikuweza kuinuka kulifikia. Nililitazama likipoa, nikajua kwamba alfajiri kuna gari litaondoka Muyinga bila dada yangu, kwa amri yangu mwenyewe.

Muuguzi akaja na sindano.

“Prof, tugeuke.”

“Subiri kidogo.”

“Nisubiri nini? Iko nakuuma, si naona!”

“Inauma, ndiyo maana. Acha nipige simu kwanza. Ukinichoma sasa, sitapiga.”

“Eh, maprofesa,” akasema, akaenda kitanda kingine.

Simu iliita mpaka nikaanza kutunga uongo wa kujifariji. Dada akapokea.

“Dada, njoo.”

“Si ulisema unatembea?”

“Nilikuwa natembea.”

“Na sasa?”

“Sasa kuna bakuli hapa siwezi kulifikia. Njoo, tafadhali.”

Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake kuku.

“Mzigo sijaufungua,” akasema. “Lakini kuku nimeshawarudisha. Unataka nianze kuwafukuza upya uwanja mzima kwa ajili yako?”

“Wafukuze.”

Alicheka kwa namna anavyocheka akitaka kunitukana, akakata.

Nikamwita muuguzi. Alipokuwa akitafuta mahali pa kuchoma, nilimpa simu yule mama.

“Nishikie mpaka asubuhi. Nikiiomba, usinipe.”

“Kwa nini, muzee?”

“Nitamwambia asije.”

Alinitazama, akamtazama mumewe, kisha akaifunga kwenye pindo la kitenge chake.

Niliiomba kabla sijalala, kwa adabu na kwa sababu nzuri sana. Alikataa.