Masikio ya Namori Keita

Namori Keita alikuwa mtani wangu kabla hajazaliwa. Mimi ni Kulibali, yeye Keita, na watu wa koo hizi mbili wanataniana tangu enzi za mababu wa mababu; hakuna aliyechagua. Nikimkuta anakula namwita mla kunde, tusi la watani wa kwetu. Siku nilipoumwa na nyoka alikuja kunitazama, akasema pole yake ameshampa nyoka. Sheria ya utani ni moja tu: hukasiriki. Ukikasirika umeuaibisha ukoo mzima. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu bila utani Namori angekufa na ngoma yake mkononi, na mimi leo ningekuwa na raha zangu.

Tulianza kujifunza sote siku ileile, kwa baba yake, mzee Bala, mpiga ngoma mkuu wa kijiji chetu, ng'ambo ya mto Joliba ukitokea mji wa Kurusa. Ngoma ya mkono kwetu inaitwa jembe. Wewe utafikiri ni la kulimia, na hutakuwa umekosea sana, maana yote mawili yanakula viganja. Lakini hakuna anayeanzia hapo. Unaanzia kwenye kenkeni, ngoma ndogo ya pembeni inayoning'inizwa begani na kupigwa kwa fimbo, yenye neno moja tu la kurudia tangu watu wanakusanyika mpaka wanatawanyika: kun-kun, kun-kun. Mzee Bala hakutuhesabia mapigo. Alitukalisha chini, tukawa tunaimba mdundo kwa mdomo huku yeye akitupiga kwa kiganja mgongoni, mpaka uingie mwilini. Ukikosea hakukuambia. Alipiga tena, kwa nguvu zaidi.

Namori alikaa kwenye kenkeni miaka miwili, akapandishwa. Mimi nilikaa miaka arobaini na minne. Sikuonewa, mikono yangu ilikuwa mizito, basi. Mzee Bala alinijaribu kwenye jembe misimu mitatu, kisha akaniambia kwa upole kwamba kijiji kinahitaji pia mtu asiyeyumba. Nilijua maana yake. Nikarudi kwenye kun-kun yangu, na watu wakasema mimi mtu wa subira, jina wanalompa mtu wasiyejua wampe jina gani.

Bala alipofariki, Namori alirithi jembe lake, na pamoja nalo ngoma ya kijiji chetu. Kila kijiji cha huku kina ngoma yake, ile wanayochezea wanaume wenye nguvu baada ya mavuno. Yetu ina mageuzi kumi na moja. Kila geuzi ni mahali ambapo jembe linaacha njia ya kawaida, linamfuata mchezaji kwenye hatua zake za hatari, halafu linamrudisha salama kwa wenzake. Mpigaji akikosea, mchezaji anaanguka. Nimeona mguu ukivunjika. Mageuzi hayo hayafundishiki nyumbani ukiwa umekaa, maana yanajibu miguu ya watu, na miguu hiyo inapatikana kwenye sherehe tatu nne tu kwa mwaka. Bala alimfundisha mwanawe peke yake. Saran, mke wa Namori, alikuwa akisema kwamba mumewe akipiga kijiji cha pili, yeye huku kwenye kinu anajua kama bado ana kinyongo cha asubuhi.

Masikio yake yalipoanza kufa, wa kwanza kujua nilikuwa mimi, kwa sababu matusi yangu yalianza kupotea. Namtukana, hajibu. Mwanzoni nilidhani amezeeka vibaya. Siku moja tulikuwa wawili tu kwenye moto wa majani, tunakausha ngozi za ngoma zikaze, akaniambia hanisikii.

"Hujawahi kunisikiliza," nikamwambia.

Hakucheka. Alikuwa anautazama mdomo wangu. "Nasema kweli, mtani. Sikio la kushoto limekwisha kabisa. La kulia liko njiani."

Alikuwa ameshakwenda Kankan kwa daktari, bila kumwambia hata Saran safari ilikuwa ya nini. Daktari alimwambia ni makelele ya miaka yote ile, na kwamba kilichoharibika hakirudi. Nikamuuliza sasa atafanya nini. Alikuwa ameshafikiri. Alitaka nisimame kushotoni kwake kama siku zote, ila kenkeni yangu niiegemeze kwenye nyonga yake.

"Nitakusikia kwa mfupa," alisema. "Wachezaji nitawasoma miguuni. Miaka miwili tu, mpaka Karifala ayajue mageuzi yote. Halafu jembe nitampa mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele za watu. Usiniangushe, Kulibali."

Karifala ni mpwa wake, mtoto wa dada yake, kijana wa miaka ishirini na sita wakati huo, fundi baiskeli mwenye mikono ambayo ningeiba kama mikono ingeibika. Namori hakuzaa mtoto wa kiume. Wazee wangejua kwamba mpigaji wao ni kiziwi, wangemwondoa kesho yake, na wangekuwa na haki. Jembe la kijiji lingekwenda kwa Numuke Kamara wa mtaa wa chini, mpigaji mzuri tu, ambaye katika yale mageuzi anajua mawili, na Karifala angehamishiwa kwake. Basi nikakubali. Nilimwambia nitamkodisha kenkeni yangu kwa sahani ya wali kila sherehe, akacheka.

Tukaanza hivyo. Alivua viatu ili ardhi imletee mdundo wa ngoma kubwa iliyopigwa nyuma yetu, nyonga ikamletea kenkeni, na macho yake hayakutoka kwenye miguu ya wachezaji. Nawaambieni hakuwahi kupiga vizuri namna ile. Watu walisema Namori amekomaa. Karifala alisimama kuliani kwake akijifunza, na kila geuzi lilipokaribia mjomba wake alimgonga mgongoni kwa kiwiko. Msimu wa kwanza akapata mageuzi manne. Msimu wa pili akafikisha saba.

Na mimi? Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na minne Namori kunihitaji. Ningelegea kidogo tu, angepotea katikati ya uwanja. Nilifurahi kuliko inavyofaa. Lakini furaha ile sikuwa na pa kuipeleka. Sifa zilipotoka zilikwenda kwake zote, na mimi nilirudi nyumbani na mkono unaouma, sina hata wa kumwambia. Sijitetei. Nasema tu ilivyokuwa.

Ikaja harusi ya binti wa mkuu wa kijiji. Walikuja wageni wengi kutoka Kurusa, na mwimbaji mwanamke mwenye sauti ya kutoboa ukuta akamwimbia Namori sifa: baba yake, babu yake, kiganja chake. Akambandika noti kwenye paji la uso. Namori alikuwa amelewa furaha. Akanigeukia, akapaza sauti ili uwanja wote usikie.

"Na huyu Kulibali msimsahau," alisema. "Miaka arobaini na minne anachemsha sufuria moja, na kunde zake hazijaiva."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Utani mzuri. Lakini karibu yangu alikaa mama mmoja mgeni, akamuuliza jirani yake huyo mzee ni nani, na jirani akajibu, "Huyo? Huyo wa kenkeni tu."

Ile "tu" ndiyo iliyonichoma. Na mimi nilikuwa na zamu ya kujibu, maana mtani akirusha lazima umrudishie.

"Afadhali mimi sufuria yangu naisikia," nikasema, uso nimewageuzia watu. "Huyu mla kunde, kunde zimemjaa masikioni. Kiziwi huyu, jamani. Mnadhani anasikia ngoma? Anasikia nyonga yake inavyogongwa na kenkeni yangu. Niondoeni mimi hapa, muone kama atajua ngoma imeanza au imekwisha."

Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Wanawake walishikana mabega. Namori akatazama midomo ya watu huku na huku, akaona wanacheka, naye akacheka, akacheka kuliko wote, akanipiga bega. Sikio la kulia nalo lilikuwa limeshakwisha; hakuwa amesikia hata neno moja. Nilimwona anavyocheka nikatamani ardhi inimeze.

Tulipokuwa tunarudi aliniuliza niliwaambia nini watu wakafurahi vile. Nikamwambia nilimwita mla kunde, kama kawaida. Akasema leo lazima nililisema vizuri sana.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mtu mmoja alikuwa amecheka kidogo kisha akanyamaza, naye ni Numuke Kamara. Siku ya soko akaenda uani kwa Namori, akamkuta amekaa chini anavuta kamba za jembe, mgongo kwenye mlango. Akamsalimia. Akamsalimia tena, salamu nzima, ya mke na watoto na kazi. Mara ya tatu akapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Namori aliendelea kuvuta kamba. Numuke akaondoka kwenda kwa wazee.

Wazee walikuja watatu, wamebeba kokwa nyeupe za kola, zawadi ya heshima, na mimi wakaniita niwepo kwa kuwa ni mwenzake wa kazi. Walizungumza kwa adabu kubwa. Walimshukuru yeye na baba yake. Wakasema miguu ya vijana ni ya kijiji kizima, na umefika wakati apumzike. Namori alikuwa anawasoma midomo, na nadhani alielewa kabla hawajamaliza. Aliuliza swali moja tu: nani aliyewaambia.

"Hakuna aliyetuambia," mzee mmoja akamjibu, akiyatamka maneno polepole. "Kulibali alikutania tu pale harusini. Numuke ndiye aliyekuja kuhakikisha."

Namori akanitazama. Nilingoja anirukie; laiti angenirukia. Lakini mimi ni mtani wake, na nilichosema nilikisema kwa utani, mbele za watu, katika zamu yangu. Hakuwa na haki ya kukasirika hata kidogo.

"Ah," alisema. "Kulibali alitania."

Akacheka, kama sheria inavyotaka. Kisha akaingia ndani, akalitoa jembe la baba yake, akawapa.

Karifala alihamia kwa Numuke, na simlaumu; kijana lazima asimame mahali ngoma inapopigwa. Kwa miezi kadhaa aliendelea kuja kwa mjomba wake Ijumaa, na Namori akajaribu kumpa mageuzi manne yaliyobaki kwa kumpiga mgongoni, kama Bala alivyotupiga sisi. Nilikuwa napita nawaona. Lakini mgongo wa mtu aliyekaa hauna hatua za kujibu. Akikosea, Namori hakuweza kusikia amekosea wapi. Siku moja nilimwona ameuacha mkono wake ukae tu mgongoni kwa Karifala, haupigi kitu. Ijumaa iliyofuata kijana hakuja. Kijiji chetu sasa kinacheza mageuzi saba, na watoto wanadhani ndiyo yote.

Nilikwenda kumwomba radhi mara tatu. Mara ya kwanza nilijikaza, nikakaa mbele yake ili auone mdomo wangu vizuri, nikamwambia nisamehe, nilikuwa na wivu. Akanijibu kwamba tangu lini Kulibali akawa na akili ya kuona wivu. Mara ya pili aliniambia mtumwa haombi radhi kwa bwana wake, anateka maji. Mara ya tatu alifumba macho kabla sijafungua mdomo, na kwa kiziwi hiyo ni kama kufunga mlango. Saran akaniletea maji ya kunywa, nikanywa, nikaenda zangu. Sijui kama alikuwa ananiadhibu au ananisitiri. Nimelifikiria hilo miaka mitano.

Alifariki msimu wa upepo wa vumbi, kifua kilimbana siku nne. Kenkeni nilikuwa nimeshaiacha. Asubuhi ya maziko walinifuata nyumbani, kwa sababu maiti ya Keita haitoki bila Kulibali kuizuia. Ndiyo kazi ya mtani: unajilaza mbele ya jeneza, unamtukana marehemu, unadai ulipwe ndipo apite, ili waliofiwa wapate kupumua. Nilimfanyia baba yake hivyo hivyo, na watu waliisifu kazi yangu.

Nikaenda. Nikalala chini mbele ya waliombeba. Watu wakaanza kutabasamu, wakingoja. Nilitafuta tusi sikulipata, nikasema kilichokuwepo.

"Namori," nikasema, "sikupishi mpaka unisamehe. Nilikuuza. Ulinikabidhi masikio yako nikayauza kwa kicheko cha watu wa harusi. Nijibu, Keita."

Walicheka. Nikarudia kwamba nasema kweli, simtanii, na machozi yalikuwa yananitoka, wakacheka zaidi. Mmoja akasema mzee Kulibali leo amejipita. Hata Saran, ndani ya kilio chake, niliona mdomo unamcheza.

Karifala akaja akanishika mkono, akaninyanyua taratibu, akanifuta vumbi mgongoni. "Imetosha, baba," alisema. "Umetuchekesha. Mjomba angefurahi." Akanitia noti kiganjani, malipo ya mtani, nami nikaipokea, wakapita naye.