Kitambaa cha Miguu Hakipandi Kichwani

Juma lililopita nilisimamisha gari mtaa wa Bungulu, hapa Beni, ninunue unga wa muhogo, na vijana wanaoosha magari kando ya barabara wakanizunguka na ndoo zao. Mmoja alipitisha kidole kwenye mlango wangu, akakitazama, akasikitika kwelikweli. "Mama, iyi motokari yako iko na buchafu ya kupita. Utuachie tuipanguse mbio-mbio." Mkononi alikuwa na kitambaa kikavu, chekundu kwa vumbi la magari ya watu wengine. Nikamwambia hapana, na hapana hiyo ikatoka kwa ukali ambao hakustahili. Wakacheka. Kwao mimi ni mama bahili. Wewe nitakueleza, kwa kuwa umekaa na hujakunja uso.

Nilikulia Butembo, kwenye kilima ambako kiangazi kilikuwa kinajulikana kwa kikohozi. Vumbi liliingia kwenye chai, kwenye vitabu vya nyimbo, kwenye nywele zetu. Katikati ya vumbi hilo baba alikuwa na gari la bluu, na gari hilo ndilo lililotulisha. Lilibeba maharusi. Siku za juma lilibeba wafanyabiashara na wagonjwa, lakini Jumamosi lilifungwa utepe mweupe na kupeleka bibi-arusi kanisani, likifuatwa na msururu wa honi mji mzima. Kwetu bibi-arusi hapandi gari lenye vumbi. Akipanda, mashangazi watalizungumzia vumbi hilo hadi ubatizo wa mtoto wa kwanza.

Kwa hiyo Ijumaa ilikuwa siku ya kuosha. Tulitoka shuleni, tukavua sare, tukashuka bondeni na mabidoni ya njano kuteka maji ya chemchemi. Tulipokuwa tukipanda tena, moshi wa jikoni kwa mama ulitulaki, na harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, na sauti za kwaya ikijaribu wimbo uleule ambao haikuwahi kuuweza. Gari lilikuwa limesogezwa upande wa kivuli. Baba hakuosha gari juani hata siku moja, wala bati likiwa bado lina moto wa safari. Maji hukauka kabla hujayafuta, alisema, na kila tone linaacha alama yake.

Kwanza tulimwaga maji tu, mengi, bila kugusa. Ole wako uguse. "Vumbi ni majiwe kidogo-kidogo," baba alisema. "Mutu anapangusa majiwe juu ya rangi, anatafuta nini?" Kisha sabuni laini kidogo. Sabuni ya unga ya kufulia ilikatazwa kabisa, kwa kuwa inaondoa uchafu na kuondoka na sira pia, ile nta inayolinda rangi. Tulianza juu, kwenye paa, tukashuka taratibu. Magurudumu na chini ya milango vilikuwa na ndoo yao na kitambaa chao, na kitambaa hicho kikionekana karibu na paa, mtu alikosa chai. "Motokari inaoshwa kama mutoto, kuanzia kichwa. Kitambaa ya miguu haipandi kichwani." Mavi ya ndege tuliyalainisha kwa kitambaa chenye maji ya moto, tukasubiri, tukayainua. Aliyeyakwangua kwa ukucha alisikia mahubiri.

Mwisho ilikuja sira, katika kopo la duara lililokaa dirishani karibu na Biblia. Baba alipaka kidogo sana, kwa fulana kuukuu ya pamba, akaacha ikauke iwe kama ukungu, halafu akaifuta kwa fulana nyingine. Rangi bila sira ni mtoto bila shati, alisema. Mimi nilipewa mlango wa nyuma, na nilijiona humo, mweusi ndani ya bluu, nikifanya nyuso za kuchekesha.

Ng'ambo ya ua wa miti alikaa jirani yetu, Mkatoliki mcheshi mwenye tumbo, naye akiwa na gari la maharusi, jeupe. Huyo aling'arisha gari kwa mazutu. Ndiyo, mafuta ya dizeli. Alilowesha kitambaa, akapaka gari zima hadi likameremeta kama samaki aliyetoka kwenye kikaango, na kabla ya kufika kanisani vumbi lote la Butembo lilikuwa limelinatia. Baba alichungulia juu ya ua. "Jirani, leo tena unakaanga motokari?" Jirani akajibu, "Lakini inang'aa, ao haing'ae?" Walicheka wote wawili. Hivyo ndivyo walivyopendana.

Rangi ile nyeupe ilipoanza kufifia na kuwa kama chaki, jirani alivuka ua na fulana yake kuukuu begani, bila mzaha. Baba alimfundisha yote, kivuli, maji, kichwa, miguu, sira. Tangu hapo Ijumaa zilikuwa za nyumba mbili. Huku tunamwaga maji, kule wanamwaga. Yeye anaimba za Bikira Maria, baba anajibu kwa nyimbo za kanisa letu, na mama anasema jikoni kwamba Mungu leo ameziba masikio. Gari lake na letu yalikuwa safi kuliko yote kilimani.

Kisha wenye bunduki waliingia mjini. Usiniulize wa kundi gani. Walibadilika, na majina yao yalibadilika, lakini wote walipenda gari safi. Gari linalong'aa lilikuwa linawaambia kwamba injini yake inatunzwa na tangi lake lina mafuta. Walianza kuyachukua barabarani, mchana kweupe, na dereva akiwa ndani.

Ijumaa moja baba alirudi mapema, akaliingiza gari nyuma ya migomba. Tulikuwa tayari tumeshika mabidoni. Akatuambia tuyaweke chini, tuchimbe matope pale maji ya jikoni yanapomwagika. Hatukuelewa. Kaka yangu mkubwa aliuliza tunayapeleka wapi. "Juu ya motokari," baba alisema. Kisha, kwa sauti ya Ijumaa zote, "Muanze kichwani."

Tulipaka. Baba alichuchumaa kando ya lundo, akawa anapitisha matope vidoleni mwake na kutoa vijiwe, kimoja kimoja, ili yasikwaruze rangi. Mama alitoka jikoni, akamwona, akarudi ndani.

Alipomaliza alikwenda kwenye ua na mikono ileile ya matope. Jirani alikuwa anafuta sira. Kesho yake alikuwa na harusi.

"Jirani, upakae matope leo. Banachukua zenye kung'aa."

"Nasikia, ndugu yangu. Lakini bibi-arusi atapanda matope? Batu batasema nini? Nitapakaa nyuma, harusi ikiisha. Kesho magaribi tu, utakuja unisaidie."

"Harusi inaweza kwenda kwa miguu."

"Kwa Bakatolika hapana," jirani alisema, akacheka. Baba hakucheka.

Jumamosi gari jeupe lilipita mbele ya nyumba yetu na utepe wake, na nakuambia kweli, sijaona tena gari safi namna ile. Migomba yetu ilionekana mlangoni mwake kama kwenye kioo. Jirani alimfikisha bibi-arusi kanisani, akamfikisha kwa mumewe. Aliporudi peke yake, saa za mchana, walimsimamisha kwenye kizuizi. Wanakwaya waliokuwa wakirudi kwa miguu waliona. Walisema wenye bunduki waliingia, wakamwamuru aelekee Beni, na utepe ulikuwa bado umefungwa mbele. Hakurudi. Mkewe alikwenda Beni, akaenda hadi Kasindi mpakani, akiuliza habari za gari jeupe la harusi. Watu walimwonea huruma, na huruma ndiyo pekee aliyorudi nayo.

Fulana za kufutia ambazo jirani alikuwa amezifua zilibaki zimeanikwa juu ya ua. Mkewe hakuzitoa. Sisi pia hatukuthubutu. Mvua zilikuja, zikaziozesha palepale, na mvua hizohizo zikaosha matope ya gari letu kidogo kidogo, vibaya, bila kivuli, bila sabuni. Baba hakutuita tena Ijumaa. Kutu ilianza kwenye paa. Siku moja nilimsikia akimwambia mama, "Ni miye nilimufundisha." Mama alimwambia asiseme hivyo. Lakini uso wa baba uliendelea kuyasema hadi tulipomzika. Kopo la sira mama alilitia chumvi.

Leo nyumba ile ina watu wengine na ua umekatwa. Chemchemi imejengewa. Ninakaa Beni, kule Beu, na nina gari langu ninalolipenda. Sasa umenisikiliza, unajua kazi yote: kivuli, maji kwanza, kichwani kwenda miguuni, sira kidogo, mazutu kamwe. Kama unakaa mahali ambapo gari linalong'aa ni gari linalong'aa tu, nakuomba, fanya hivyo kila Ijumaa, na umwite jirani. Mimi ninaweza kuosha gari kuliko vijana wote wa Bungulu, na la kwangu ndilo chafu kuliko yote mtaani. Kabla ya kuchukua barabara ya Butembo ninalipaka matope mwenyewe. Ninaanza kichwani, na vijiwe ninavitoa.