Unene Uliokuwa Maji

Majira yale ya baridi nilikuwa namhudumia bibi mmoja wa Kimarekani nyumbani kwake, mbali na mtaa wetu wa Lower West Side huku Amerika. Nilipanda mabasi mawili, theluji ikiniingia viatuni, na kazi yangu ya kwanza nikifika ilikuwa kumpima uzito kabla hajanywa chai. Alikuwa mwembamba, mgonjwa wa moyo. Sikuelewa kwa nini mtu kama yule asumbuliwe na mizani kila asubuhi. Kwetu Uvira kunenepa ni habari njema.

"Huchoki kunipandisha juu ya kitu hiki?" aliniuliza.

"Nachoka, bibi. Panda tu."

Siku moja uzito ulikuwa umeongezeka paundi nne tangu jana yake. Nilifurahi, nikadhani supu za kopo alizoletewa na binti yake zimemkubali. Nikampigia muuguzi kama nilivyoagizwa. Akaniambia nimbonyeze bibi juu ya kifundo cha mguu. Kidole changu kikaacha kishimo, na kishimo kikakaa.

"Hajanenepa," muuguzi akasema. "Hayo ni maji. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, maji hubaki mwilini, na chumvi huyazidisha. Mizani hutuonya kabla pumzi haijambana."

Mchana walimpeleka hospitali. Nikarudi nyumbani nimechoka hata nikapitiliza kituo changu. Njia nzima nilikuwa namwaza mama. Mdogo wangu, anayeishi naye Uvira, alikuwa ameniambia kwa furaha kwamba mama amenenepa uzeeni.

Jumapili nikampigia mdogo wangu.

"Miguu ya mama ikoje?"

"Imenona, dada. Viatu havimwingii tena, anavaa kandambili."

"Na usingizi?"

"Analala ameketi. Anasema akijinyoosha anakabwa."

Nikamwambia ampeleke hospitali kesho yake, wampime uzito na moyo. Mama alikuwa anasikiliza, akamnyang'anya simu.

"Mimi si mbuzi wa kupimwa sokoni! Mwili huu Mungu amenipa baada ya njaa ya miaka yote ile, nanyi mnataka kuuondoa?"

Nilitaka kumweleza habari za moyo na chumvi, lakini wiki nzima nilikuwa nimeinua miili ya watu wengine.

"Mama," nikasema, "nimechoka."

Nilimsikia akivuta pumzi, fupifupi, kama mtu aliyetoka kupanda mlima.

"Bon, haya," akasema. "Nitaenda. Usilie."

Kwa kweli nilikuwa nalia. Alienda. Daktari alikuta moyo umedhoofika, akampa vidonge vya kutoa maji na kumkataza samaki wa chumvi. Maji yakatoka, uso ukasinyaa, mifupa ya shingo ikaonekana. Akaanza kulala amejinyoosha. Majirani wakasema mtoto wa Amerika amemtupa mama yake, tazameni alivyokonda. Mdogo wangu aligombana nao; mimi sikuwa na nguvu hizo.

Yule bibi wa Kimarekani hakurudi nyumbani kwake. Binti yake alimtafutia nafasi katika nyumba ya wazee, na ofisi iliyoniajiri ikanipeleka kwa mzee aliyepooza upande mmoja. Kufika kwake nilibadilisha mabasi matatu.