Neno la Chini ya Ukurasa

Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijawasha kompyuta, nilichora mistari miwili kwenye ukurasa mpya wa daftari. Juu niliandika kazi za leo, katikati za wiki hii, na chini kabisa zile za nafasi ikipatikana. Nilifundishwa hivyo kwenye semina hapa Mpanda, na sitasema uongo, ilinisaidia. Kazi yangu ni kukusanya taarifa za mazao kutoka kwenye kata na kuziandikia ripoti, na ripoti zangu zilifika mezani kwa bosi kabla hajaziulizia. Kwenye vikao alikuwa akininyooshea kalamu. "Muigeni huyu," anawaambia wenzangu, nao wananikata jicho.

Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na neno moja: Inyonga.

Huko anakaa mjomba wangu, kaka wa mama, mrina asali. Mizinga yake ya magome imetundikwa porini, zaidi ya sitini, na kuizungukia yote ni mwendo wa siku nne. Hakujaliwa mtoto. Kiangazi kilipoanza alinipigia simu, akasema anataka kunikabidhi mizinga.

"Nielekeze tu mjomba, mimi naandika," nilimwambia, kalamu mkononi.

Alicheka mpaka akakohoa. "Utaandika nini? Mti mkubwa, halafu mti mkubwa mwingine? We njoo na miguu."

Kwao mzinga hurithiwa kwa kuonyeshwa. Mwenye mali hutangulia, anasimama chini ya mti, anakushikisha mkono kwenye alama yake aliyoichonga shinani, kisha mnaendelea na mti unaofuata. Mjomba hakusoma shule. Alama yake, mikato mitatu na duara, ndiyo maandishi pekee aliyoyajua. Njia za kuifikia miti hiyo zilikuwa kichwani mwake tu.

Jumatatu iliyofuata nilihamisha Inyonga kwenye ukurasa mpya. Na iliyofuata. Kulikuwa na ripoti ya robo mwaka, kisha wageni kutoka mkoani, kisha takwimu za mpunga za kata ya Mamba ambazo zilirudishwa mara mbili.

"Mwezi huu nina ya robo mwaka, mjomba."

"Si uliimaliza juzi?"

"Ile ilikuwa robo nyingine."

"Kwani nyie huko mjini mwaka wenu una robo ngapi? Huku tuna masika na kiangazi tu, na kiangazi chenyewe kinaisha." Kisha akaongeza, "Haya, fanya kazi. Usije ukagombana na wakubwa."

Nilishukuru kwa uelewa wake. Leo naona nilichokuwa nakifanya. Nilidhani napanga kazi kwa uzito, kumbe nilizipanga kwa anayepiga kelele. Bosi alifoka, wa mkoani walipiga simu mara tatu kwa siku. Mjomba aliniambia nifanye kazi, basi nikamwacha chini ya ukurasa.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza mkewe aliponipigia. Kiharusi. Upande wa kulia umekufa, na maneno hayatoki.

Nilimwandikia bosi ujumbe wa kuomba ruhusa. Jibu liliingia kabla chai yangu haijapoa: "Nenda, pole sana." Mstari mmoja. Miezi yote ile sikuwahi kuuomba.

Nilimkuta mjomba amekalishwa ukutani, nje, mguu wa kulia umenyooshwa kama si wake. Aliponiona alilia. Nikafungua daftari nikaanza kumuuliza, kama ninavyowauliza watu kazini, maswali ya ndiyo na hapana. Mzinga wa kwanza uko karibu na mto? Alitikisa kichwa, kisha akaitikia, kisha akachora kwa kidole cha kushoto kwenye udongo mstari uliorudi palepale ulipoanzia. Tulihangaika hivyo mpaka jua likawa kali.

Nilizunguka siku nne na jirani yake, mrina mwenzake anayeijua ile alama. Nyasi zilikuwa zimepanda hadi kiunoni. Tulipata mizinga tisa.

"Mingine ipo," jirani alisema, akipangusa jasho. "Nyuki wamo ndani. Ila hili pori, bila mwenyewe..."

Niliporudi nilimwambia mjomba tisa. Alitazama viatu vyangu vilivyojaa matope, muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kulitaka daftari. Nilimpa. Akalifungua magotini na kupekua ukurasa mmoja baada ya mwingine, taratibu, akiinamia kila mmoja kama anayetafuta miti yake humo. Kidole chake kilikuwa kikisimama chini, kwenye lile neno moja lililojirudia, peke yake, mbali na mengine. Aliniangalia, akaligonga gonga, akiuliza.

"Ni Inyonga, mjomba," nilisema. "Nimeandika Inyonga."

Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Alifurahi kwamba nilikuwa nimemwandika kila wiki. Sikumwambia pale chini ni mahali pa nini.