Swali Ambalo Redio Hakulisoma

Wanawake wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Redio, na jina hilo alilipenda. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita, thelathini kati ya hiyo ameimaliza pale kwenye mvuke na sabuni. Taarifa ya habari ikishaingia masikioni mwake ilikuwa haitoki. Alijaza mashuka ya wodi ya wazazi kwenye mashine huku akiwaeleza wenzake nani anagombea nini, nani kahama chama, na diwani gani hajaonekana tangu achaguliwe.

"Yule? Alikuja kuomba kura na viatu vya kuazima," alikuwa akisema, nao wakicheka mpaka washike mbavu.

Jambo moja hakuwahi kulitangaza. Hakujua kusoma. Barua na fomu zake alikuwa akisomewa na bintiye, na bintiye sasa alikuwa ameolewa mbali.

Mwaka ule halmashauri iliamua kuihamishia hospitali upande wa pili wa mji. Huko kazi ya kufua angepewa mkandarasi mwenye watu wake. Wananchi walikuja juu, ikabidi iitishwe kura ya maoni. Mtaani hapakuwa na aliyetaka hospitali ihame, hata watoto waliimba, "Hapana, hapana, haihami!"

Wiki moja kabla ya kura, wakati wa chai, mkunja mashuka aliingia na karatasi yenye swali lenyewe.

"Dada Redio, hebu tusomee. Mimi nimefika mstari wa pili nikapotea, lugha ya mahakamani hii."

"Miwani nimeiacha nyumbani."

"Chukua yangu."

Hakuwa na pa kutokea. Aliivaa, akaishika karatasi kwa vidole vilivyochubuliwa na sabuni, akayapitisha macho polepole kama alivyoona wasomaji wakifanya.

"Ni lile lile," akasema. "Wanauliza kama tunataka hospitali ihame. Sisi tunasema Hapana. Haya, turudi kazini."

Mpiga pasi, mwanamke asiye na maneno mengi, alikuwa amechungulia begani kwake. "Dada, mbona hapa naona neno 'kufutwa'? Kama wanauliza tunakubali uamuzi ufutwe, si itakuwa Ndiyo?"

Redio angeweza kumpa tu karatasi aisome mwenyewe. Lakini chumba kizima kilikuwa kinamtazama.

"Kumbe tuna wakili huku kwenye pasi na hatuambiani!"

Wakaangua kicheko. Mpiga pasi akarudi mezani kwake, akainamisha kichwa.

Tangu hapo neno lile 'kufutwa' lilimganda Redio. Alimpigia bintiye simu. "Mama, siwezi kujua mpaka nilione swali lenyewe. Itafute hiyo karatasi, umpe mtu aninukulie." Karatasi alikuwa nayo mkunja mashuka. Kuiomba kungemlazimu aeleze kwanza anaitakia nini, wakati alishaisoma mbele ya watu. Akajikaza kisabuni, hakuiomba.

Siku ya kura walipanga foleni pamoja kwenye ukumbi wa shule, kila mmoja na watu wa nyumbani kwake. Mpiga pasi alitoka kwenye mstari, akamsogelea.

"Dada, swali wamelibandika pale mlangoni. Kalitazame, nakuomba."

"Nimeshalisoma," Redio alimjibu bila kumtazama.

Kwenye kibanda cha kupigia kura, alikuta duara jeupe la Ndiyo na jeusi la Hapana, kama redio ilivyoeleza. Kalamu ilisimama juu ya jeupe. Akawawazia wenzake, waliokwisha kupiga kama alivyowaambia. Akatia alama kwenye jeusi.

Jioni matokeo ya kituo yalibandikwa: Ndiyo arobaini na moja, Hapana mia tatu themanini na nane. Wanawake walipiga vigelegele, wakamkumbatia Redio mpaka akakosa pumzi. Kesho yake mchana ikatangazwa kwamba hospitali itahama.

"Tumeibiwa kura!" mkunja mashuka alipaza sauti. "Redio, tangulia. Wewe ndiye unajua kusema nao."

Walimtanguliza hivyo hivyo, mkono mgongoni, mpaka ofisi ya uchaguzi. Afisa aliwasikiliza, kisha akamsogezea Redio karatasi juu ya meza.

"Mama, hakuna aliyeiba. Wasomee wenzako swali mlilojibu."

Aliitazama karatasi. Nyuma yake walikuwa wamejaa mpaka mlangoni.

"Sijui kusoma," alisema. "Hata siku ile sikusoma. Niliwadanganya."

"Dada, acha utani," alisema mkunja mashuka.

Mpiga pasi ndiye aliyeichukua. "'Je, unakubali kufutwa kwa uamuzi wa halmashauri wa kuihamisha hospitali?'"

"Aliyetaka ibaki alipaswa kusema Ndiyo," alisema afisa.

Mkunja mashuka alimgeukia mpiga pasi. "Ulijua, ukanyamaza?"

"Nilisema. Mkacheka."

Siku zilizofuata kazini, hakuna aliyemtukana Redio. Walimsalimia, wakamuuliza afya yake, kisha wakaenda kunywa chai upande wa pili wa chumba. Mpiga pasi peke yake alibaki kuketi naye.

"Mtaa mzima umekosea, dada. Hata waliosoma shule hawakulisoma swali."

"Wao hakuna aliyewaomba wawasomee wenzao," alisema Redio.

Miezi mitatu baadaye mashine ziling'olewa, na kila mfuaji akapewa barua ya kuachishwa kazi. Siku hiyo mpiga pasi alikuwa mgonjwa. Redio alikaa na bahasha yake mapajani hadi chumba kilipokaribia kubaki kitupu, ndipo akamnyooshea mkunja mashuka.

"Nisomee."

Mwenzake aliisoma yote, harakaharaka, bila kumtazama usoni. Akaikunja mara nne, akamrudishia, akaenda kuchukua mkoba wake.